Mfungwa wa Pwani na Boma la Kisii: Kwa Nini Majengo ya Kale Yalindwe

Hapa kwetu pwani, Kisii huingia nyumbani kwa njia ya soko. Ni lile jiwe laini la Tabaka lililochongwa likawa kifaru au kisahani, ambalo wachuuzi hulipanga karibu na Ngome ya Yesu wakisubiri wageni. Ni majani ya chai ya Nyamira, yanayoteremshwa hadi kwenye mnada wa Mombasa kabla ya kuvuka bahari. Vitu vya Kisii tunavishika kila siku, na aghalabu hatuulizi zaidi.

Kipo hata hivyo kiungo kingine baina ya pwani na Kisii, cha zamani kuliko chai, na chenye uchungu ndani yake. Tarehe 17 Oktoba 1913 serikali ya Waingereza ilimkamata Mekatilili wa Menza, mjane wa Kigiriama, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Hawakufungwa Malindi wala Mombasa, kwa hofu kwamba watu wao wangewafuata. Walisafirishwa kutoka nchi ya minazi hadi nyanda za juu za magharibi, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwaelewa lugha, wakawekwa kizuizini Kisii.

Wiki hii tunauliza swali ambalo laonekana kuwa la watu wa Kisii peke yao, lakini latuhusu sana sisi wa pwani: boma la kale la Kisii, yaani kituo kile cha serikali chenye ofisi, korokoro na kambi ya askari, lina haki gani ya kulindwa na sheria kama turathi ya taifa? Na ni nani mwenye wajibu wa kuliombea?

Boma lilivyozaliwa

Masimulizi ya Wagusii yanamtaja mtabiri wao, Sakagwa, kuwa aliona mambo haya kabla hayajatokea. Husemwa kwamba aliwaonyesha watu mahali ambapo wageni wangekuja kujenga nyumba zao, hapa askari, pale wagonjwa, na mji wa Kisii ukaja kusimama palepale. Ikiwa mtu ataamini au hataamini, jambo moja halina shaka: kwa Wagusii, majengo ya boma yalikuwa habari nzito hata kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Wageni hao walikuja kwa bunduki. Mwaka 1905 kikosi cha Waingereza kiliingia nchi ya Wagusii kikaua watu na kuchukua ng'ombe. Mwaka 1907 kituo cha serikali kilifunguliwa, na mtawala wake akawa G.A.S. Northcote, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyarigoti. Mwanamke mmoja wa Kitutu, Moraa Ng'iti, mganga na mwonaji aliyeheshimiwa, hakukubali. Aliwakemea vijana kwa kukaa kimya huku nchi ikichukuliwa, na akamtia moyo Otenyo Nyamaterere. Januari 1908 Otenyo alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa Gavana wa Hong Kong. Wagusii hawakupona. Kikosi cha pili kilichotumwa kuwaadhibu kiliua watu wengi kiasi kwamba Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu waziri wa makoloni kule London, aliandika kuhoji mauaji hayo ya watu wasio na kinga. Kuhusu Otenyo, Wagusii husimulia hadi leo kwamba alikatwa kichwa, na kichwa hicho kikapelekwa Uingereza. Jamaa zake wangali wanakidai.

Kwa hiyo ofisi ile ya kwanza ya Kisii haikuwa mahali pa kulipia kodi tu. Ilikuwa alama ya nani ameshinda na nani ameshindwa. Na mwanamke ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema jambo hilo waziwazi.

Mwanamke wa pili

Miaka 5 baadaye boma hilohilo likampokea mwanamke wa pili, huyu akiwa ametoka upande wetu.

Mwaka 1913 ofisa Arthur Champion aliwataka Wagiriama watoe kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Mekatilili alizunguka vijiji akiwauliza wazazi kama wamezaa watoto ili wapewe wageni. Akawaita watu Kaya Fungo, na hapo wanawake wakala kiapo chao cha mukushekushe na wanaume wakala kiapo cha fisi, kwamba hakuna atakayeshirikiana na serikali. Kwa ajili ya hayo akafungwa.

Hakumaliza hata miezi mitatu. Tarehe 14 Januari 1914 yeye na Wanje walitoroka Kisii, wakashika njia ya kurudi nyumbani kwa miguu. Msomaji aliyewahi kupanda basi la usiku anaujua mwendo huo: kutoka Kisii hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480 nyingine. Wao hawakuwa na barabara, walikuwa na misitu, simba na askari wa kuwasaka. Na wakafika. Mekatilili alionekana tena miongoni mwa watu wake, na maneno yake yakashika moto upya. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, maofisa wake waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Mwezi huohuo Mekatilili na Wanje wakakamatwa tena, na haikuwa hadi 1919 waliporuhusiwa kuishi kwao.

Kaya zetu leo zimeshika nafasi yake katika dunia. Kuanzia 1992 serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kuwa turathi ya taifa, na mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda, ikiwemo ya Wagiriama, ikaingizwa katika orodha ya turathi ya dunia ya UNESCO. Mahali alipoapishia watu panajulikana na panalindwa. Lakini ni mtoto yupi wa Kilifi au wa Malindi aliyewahi kupelekwa Kisii, akasimamishwa mahali, akaambiwa: hapa ndipo bibi yako alipofungwa, na njia ile ndiyo aliyotorokea? Nusu ya kisa tumeihifadhi. Nusu ya pili tumeiacha ugenini.

Jela zilizogeuka shule

Kuna watakaosema kwamba jela si kitu cha kujivunia, na kwamba jengo la mkoloni halistahili kutunzwa kwa fedha za umma. Hoja hii inastahili heshima, kwa sababu imetoka kwenye jeraha. Lakini sisi watu wa pwani tunao ushahidi wa kuijibu.

Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, Waingereza waliigeuza jela mwaka 1895. Kwa zaidi ya miaka 60, kuambiwa mtu yuko ngomeni kulikuwa na maana moja tu. Mwaka 1958 ikapewa hadhi ya kulindwa, mwaka 1960 ikafunguliwa kama makumbusho, na mwaka 2011 ikaingia katika orodha ya turathi ya dunia. Ngome ya Lamu ilimalizika kujengwa mwaka 1821, ikatumika kama jela kuanzia 1910 hadi 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Leo watoto wa Lamu husoma na kufanya sherehe mahali ambapo babu zao waliingizwa kwa pingu. Na huko bara, vyumba vya Kapenguria walikowekwa Jomo Kenyatta, Achieng Oneko, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba vilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1993.

Hakuna aliyezilinda jela hizi ili kuwatukuza waliozijenga. Zililindwa kwa ajili ya waliofungwa ndani yake. Ukuta ukibomolewa, mkoloni hapotezi kitu. Kumbukumbu zake ziko kwenye makabati ya London, zimepangwa kwa tarehe. Anayepoteza ni yule ambaye hakuandika chochote, ambaye ushahidi wake wote ni mahali alipokalishwa. Na katika historia yetu, yule ambaye hakuandika mara nyingi ni mwanamke. Moraa na Mekatilili wanaonekana kwenye majalada ya serikali kama wachawi na wachochezi. Mahali penyewe ndipo panapoweza kusimulia upande wao.

Mfano mwingine ni wa wanawake wa zama zetu. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, kwa miaka mingi haikumruhusu Mwafrika kusoma ndani yake. Jengo hilo lina sheria yake mahususi ya kulilinda. Lakini sheria peke yake haikuliokoa na uchakavu. Mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk, wakakubaliana na Kaunti ya Nairobi, na wakaanza kuzifufua maktaba za umma, wakianza na zile ndogo za Kaloleni na Makadara. Jengo lililojengwa kwa ubaguzi likapata walezi wapya.

Sehemu yetu katika kisa hiki

Pana jambo jingine ambalo gazeti la familia za Kiislamu halipaswi kulipita kimya. Mji wa Kisii una Waislamu wa miaka mingi, na miongoni mwao ni Wanubi. Babu zao walitoka Sudan, wakaandikishwa katika jeshi la Waingereza, na wakawa uti wa mgongo wa vikosi vya King's African Rifles, ambavyo wazee wetu walizoea kuviita Keya. Walipomaliza utumishi walipewa makao kando ya miji iliyokuwa na kambi: Kibera, Kisumu, Eldama Ravine, Kisii na kwingineko. Wengi wao hawakupewa hati za ardhi, na wajukuu wao walihangaika kwa miongo kupata hata vitambulisho vya taifa. Wanubi wa Kibera walipata hati ya ardhi yao ya jumuiya mwaka 2017 tu.

Kwa hiyo boma la Kisii lina pande zaidi ya mbili. Yupo Mgusii aliyepigwa, yuko mfungwa wa Kigiriama aliyeletwa kutoka pwani, na yupo askari Mwislamu aliyetumwa na mwenye nguvu, kisha akasahauliwa na huyohuyo aliyemtuma. Tarehe 12 Septemba 1914 mji huo ulipiganiwa na Wajerumani waliotokea upande wa Ziwa Victoria na askari wa Keya, na Waafrika wakafa pande zote mbili katika vita visivyo vyao. Historia ya namna hii haimpambi mtu yeyote. Inafundisha uadilifu, na Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia. Tutaangalia nini ikiwa kila alama imefutwa?

Sheria inasemaje

Njia ya kuliombea jengo hadhi ya kulindwa haina siri. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inampa Waziri uwezo wa kutangaza, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Taifa, kwamba mahali au jengo lenye thamani ya kihistoria ni turathi inayolindwa. Sheria haiangalii umri wa jengo tu, huangalia umuhimu wake. Na haiishii kwenye kuta: inaweza kuihusisha ardhi iliyo chini ya jengo na inayolizunguka. Hili ni muhimu mno kwa Kisii, kwa sababu mji umekua juu ya boma la zamani. Hata pale ambapo bati limechukua nafasi ya makuti na saruji imechukua nafasi ya udongo, mahali penyewe hubaki na haki yake.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza wataalamu huchunguza: ukuta upi ni wa enzi gani, chumba kipi kilitumika kwa kazi gani, ramani na majalada ya kale yanasema nini, na wazee wanakumbuka nini. Kisha tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na nakala yake hubandikwa mahali panapohusika ili wenyeji waione. Mwenye pingamizi hupewa miezi miwili kulieleza. Muda huo ukiisha, Waziri huyapima mapingamizi, kisha ama huthibitisha tangazo au huliondoa.

Jengo likitangazwa, mmiliki wake habadiliki kwa sababu ya tangazo peke yake. Ofisi ya serikali hubaki ya serikali. Kinachobadilika ni kwamba hakuna anayeweza kulibomoa, kulipanua au kuligeuza umbo bila idhini. Wafanyabiashara wanaoogopa kwamba turathi itaua mji wangezuru Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu, ambako watu wanaendelea kuuza, kuoza na kuzaa ndani ya majengo yaliyohifadhiwa.

Katiba ya 2010 nayo imegawa kazi. Turathi za kale zenye umuhimu wa kitaifa ni jukumu la Serikali ya Taifa, na makumbusho na maktaba za mashinani ni jukumu la kaunti. Kwa hiyo Kisii na Nyamira, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja na bado ni ukoo mmoja, zina uwezo wa kushirikiana. Safu ya miinuko ya Manga, ambayo Wagusii huihesabu kuwa kitovu cha historia yao, iko upande wa Nyamira. Boma liko upande wa Kisii. Kisa cha Moraa na Otenyo hakiwezi kukatwa katikati kwa mpaka wa kaunti.

Hadhi bila mkono

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba tangazo la serikali ni dawa ya kila kitu. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, kasri la Sayyid Barghash lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa ndani ya Mji Mkongwe, ambao ni turathi ya dunia tangu 2000. Dunia nzima ililijua. Lakini kuta zilikuwa zimechoka kwa miaka mingi, na tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya jengo iliporomoka, na mafundi wawili wakafa. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Hadhi haizibi paa linalovuja. Inahitaji bajeti ya kila mwaka, fundi anayejua chokaa na mbao, na jamii inayopiga kelele kabla ufa haujawa shimo. Anayeliombea jengo ulinzi na aombe mambo hayo yote kwa pamoja.

Familia zifanye nini

Jambo la kwanza ni kukusanya maneno kabla ya kukusanya saini. Bibi na babu walio Kisii, Nyamira, Kilifi na Malindi bado wanayo masimulizi waliyopokea kwa wazazi wao kuhusu Moraa, Otenyo na Mekatilili. Simu ya mjukuu inatosha kuyarekodi. Andikeni jina la msimulizi, tarehe, na mahali, kwa maana masimulizi yasiyo na jina hayana nguvu mbele ya wataalamu. Familia za Wanubi zina picha za babu zao wakiwa na sare, vyeti vya kustaafu na barua za zamani. Msizitupe wakati wa kuhama nyumba.

Jambo la pili ni ombi rasmi. Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko na maombi kwa mamlaka ya umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inamruhusu mkaazi kupeleka ombi kwa Bunge la Kaunti yake. Wenyeji wa Kisii na Nyamira ndio wenye sauti ya kwanza. Lakini bunge la Kilifi nalo lina sababu ya kuwaandikia wenzao wa Kisii, kwa kuwa mfungwa alikuwa wao. Ombi zuri hutaja jengo kwa mahali pake hasa, hueleza kwa nini ni muhimu, huambatisha ushahidi, na huomba kitu kimoja kinachoeleweka: wataalamu wa Makumbusho ya Taifa watumwe kulichunguza boma, na hadi ripoti yao itoke, pasibomolewe kitu.

Jambo la tatu ni la walimu wa shule na wa madrasa. Watoto wetu hupelekwa ngomeni na Gede, na ni vyema. Safari moja ya miaka michache ielekee magharibi. Wakalale Kisii, wapokewe na Waislamu wa huko, wapande Manga, wasimame mjini na kuhesabu kilomita alizotembea yule mama mzima bila viatu.

Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti mbele ya macho ya watu, na ilichukua takriban miaka 80 kabla ya taifa kuanza kuzipa kaya heshima yake. Majengo ya Kisii hayahitaji baruti. Yanaweza kuondoka kwa kibali kimoja cha ujenzi kilichotiwa sahihi asubuhi ya kawaida, pasipo mtu kuulizwa. Barua ya kuzuia hilo inaweza kuandikwa wiki hii, na mwenye kuianza hahitaji kuwa Mgusii wala Mgiriama. Anahitaji kujua kisa tu, na sasa anakijua.